Mafuta ya Mwili, Homoni Zake na Baridi Yabisi: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Kisumu

Mimi ni tabibu. Kila Jumatano naketi katika chumba kidogo mjini Kisumu nikiminya vidole vya watu, kimoja kimoja. Wengi wanaoingia ni akina mama, maana baridi yabisi huwapata wanawake mara mbili hadi tatu kuliko wanaume. Maswali yaliyo hapa yameulizwa chumbani humo, mengine yameulizwa kwenye benchi la nje, na moja niliulizwa na mwenye boda boda tukielekea Kondele. Alikuwa na mama yake nyumbani, hawezi tena kushika jembe.

Baridi yabisi ni nini? Ni baridi iliyoingia mifupani?

Hapana, ingawa jina lenyewe ndilo limetuponza. Baridi ni baridi, na yabisi ni kitu kilichokauka kikawa kigumu, kwa hiyo mtu akisikia jina hilo anakimbilia kuvaa soksi na kuacha kuoga maji baridi. Kama baridi ndiyo ingekuwa chanzo, sisi wa Kisumu na jua letu tungekuwa salama na watu wa Nyahururu wangekuwa wameisha.

Kinachotokea ni hiki. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inaugeukia utando laini unaokifunika kiungo kwa ndani. Utando unavimba, unanenepa, unajaa maji, na ukiachwa hivyo miezi na miaka unaanza kula gegedu, ile tabaka laini inayokinga ncha za mifupa, na mfupa ulio jirani. Duniani kote, katika kila watu 100 hadi 200 utampata mmoja mwenye ugonjwa huu.

Una sura yake. Hupenda viungo vidogo: vifundo vya ngumi, viungo vya katikati ya vidole, viganja vinapoungana na mkono, na nyayo za mbele. Mara nyingi hushika mikono yote miwili. Viungo vile vya mwisho, karibu na kucha, kwa kawaida huviacha. Na asubuhi mikono huwa imekaza kwa zaidi ya nusu saa, mara nyingi saa nzima au zaidi. Mama mmoja alinieleza vizuri kuliko kitabu chochote nilichosoma: "Daktari, saa kumi na mbili siwezi kukoroga uji wala kufunga kifungo cha sare ya mtoto. Ikifika saa nne nasonga ugali wa watu wanane." Nikisikia maneno ya namna hiyo naagiza vipimo kabla hata sijagusa mkono.

Mafuta ya mwili yanaingiaje hapo? Si ni akiba tu?

Kwanza tuelewane: nikisema mafuta hapa sisemi ya kupikia. Nasema yale yaliyo chini ya ngozi, tumboni, mapajani, na hata yale machache yanayokaa ndani ya goti nyuma ya ile kano ya mbele.

Zamani hata madaktari waliyaona mafuta hayo kama gunia la mahindi lililoegemezwa ukutani: lipo, linangoja njaa. Sasa tunajua ni tezi, na kwa mtu mnene huenda ikawa tezi kubwa kuliko zote mwilini mwake. Seli za mafuta hutoa homoni zinazosafiri kwenye damu, na kwa jumla huitwa adipokini. Nyingine huenda kwenye ubongo kueleza habari za njaa na shibe, nyingine kwenye ini, kwenye mishipa, kwenye mifupa. Na kinga ya mwili inazisikiliza zote.

Kuna jambo jingine lililodhihirika mwaka 2003. Watafiti walipochunguza mafuta ya viumbe wanene, panya na binadamu, waliyakuta yamejaa makrofaji, yaani zile seli za kinga zinazokula uchafu na vijidudu. Zimekaa humo zikitoa kemikali za uvimbe kama TNF na interlukini-6. Mwenye baridi yabisi akisikia majina hayo mawili anapaswa kushtuka, kwa sababu ndizo kemikali zinazounguza kiungo chake. Dawa ghali za sindano za ugonjwa huu zilitengenezwa kuzizuia hizo hizo.

Homoni hizo ni zipi?

Ni nyingi, na kila mwaka inaongezwa nyingine. Nitaeleza mbili kwa kirefu na nyingine nitazipita.

*Leptini* ndiyo maarufu. Mwaka 1949, katika maabara ya Jackson huko Maine, Marekani, walizaliwa panya wanene ajabu, waliokula bila kutosheka. Ilichukua miaka 45 kujua walikosa nini. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, wakaipata jeni, yaani chembe ya urithi, yenye kasoro, na homoni inayotengenezwa na jeni hiyo wakaiita leptini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba. Seli ya mafuta ndiyo inayoitoa. Mafuta yakiwa mengi leptini inakuwa nyingi, na ubongo unaambiwa: chakula kipo, acha kula.

Lakini haizungumzi na ubongo peke yake. Mwaka 1997 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili, binamu, waliozaliwa bila leptini kabisa. Walikuwa wanene kupita kiasi na hawashibi. Baadaye ikaonekana kwamba watoto wa aina hiyo pia wana kinga dhaifu na huambukizwa magonjwa ovyo, na wakidungwa leptini hamu ya kula inatulia na seli zao za kinga zinaamka.

Hili linaeleweka ukifikiria mtu wa kijijini mwenye dero, lile ghala la nafaka la Waluo. Kulisha jeshi ni gharama. Dero likiwa tupu, unawaambia vijana wapumzike, wasijitafutie vita. Likijaa, unawaruhusu wanoe mikuki. Leptini ndiyo mjumbe anayetoka ghalani kwenda kwa jeshi na taarifa hiyo. Ndiyo sababu moja ya mtoto mwenye utapiamlo kuzidiwa na nimonia ambayo mwenzake aliyeshiba angeishinda.

Sasa chukua mtu ambaye jeshi lake limeshakosea adui, linapigana na viungo vyake mwenyewe, kisha ghala linatuma ujumbe usiku na mchana: noeni mikuki, chakula tele. Leptini huzisukuma seli za kinga ziitwazo T, zile za mashambulizi, na kuzizuia zile zinazotuliza ugomvi. Panya wasio na leptini, wakifanyiwa majaribio ya kuwaletea uvimbe wa viungo, huvimba kidogo kuliko wenzao. Kwa wagonjwa wengi wa baridi yabisi leptini kwenye damu imepatikana ikiwa juu, ingawa si katika kila utafiti. Panya si mtu, na mimi huwa sipendi kuapa kwa panya.

*Adiponektini* ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu ina nyuso mbili. Hii nayo inatoka kwenye mafuta, lakini mtu akinenepa, hasa tumboni, inapungua. Kwenye mishipa ya damu ni mlinzi, na inaisaidia insulini kufanya kazi, kwa hiyo madaktari wa kisukari na wa moyo huipenda sana. Ungetarajia basi ilinde na viungo pia.

Wapi! Kwenye maji yanayotolewa ndani ya goti la mwenye baridi yabisi, adiponektini imekutwa ikiwa nyingi kuliko kwenye goti la mtu mwenye ugonjwa wa kawaida wa kuchakaa. Seli za ule utando wa kiungo zikiguswa nayo zinatoa interlukini-6 na vimeng'enya vinavyomomonyoa gegedu. Tena wagonjwa wenye adiponektini nyingi kwenye damu wamekutwa na mifupa iliyoliwa zaidi kwenye picha za eksirei. Kila ukoo una mjomba wa namna hii: nyumbani mpole, anawabeba watoto mgongoni, lakini akifika baa fulani lazima ngumi zirushwe. Mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni mahali.

*Resistini* iligunduliwa mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Kwa panya inatoka kwenye seli za mafuta, kwa binadamu zaidi inatoka kwa makrofaji. Ikidungwa kwenye goti la panya, goti linavimba. *Visfatini* na *kemerini* nazo zinachochea uvimbe, kila moja kwa njia yake. Ukiyasahau majina haya mawili hutapungukiwa na kitu.

Kwa hiyo unene ndio ulioniletea ugonjwa?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi anayeuliza ameshajihukumu.

Hapana, si kwa namna hiyo. Tafiti nyingi zikijumlishwa pamoja, mtu mnene sana ana uwezekano wa kupata baridi yabisi ulioongezeka kwa asilimia 20 hadi 30 hivi kuliko mwenye uzito wa wastani. Inasikika kama kubwa mpaka uifanyie hesabu. Ikiwa kwenye watu 100 wa wastani anapata mmoja, kwenye wanene 100 atapata mmoja na kipande. Wengine 98 na zaidi watanenepa hadi uzeeni bila kuujua ugonjwa huu. Kuna jeni ulizorithi, kuna sigara ambayo ina hatia kubwa kuliko unene, kuna mambo ya homoni za kike. Mafuta huongeza kuni kwenye moto. Nani aliwasha moto ule ni hadithi ndefu zaidi.

Mimi ni mwembamba kama ufito. Mbona nimeupata?

Kwa sababu hizo hizo: jeni, na mengine yasiyohusu mizani. Baridi yabisi haichagui kiuno.

Na kuna jambo watu hawaambiwi. Wagonjwa wengi hukonda baada ya ugonjwa kuanza, majirani wanawasifu, na wenyewe wanadhani wamepata nafuu. Mara nyingi kilichopotea ni nyama za mikono na mapaja, zilizochomwa na uvimbe unaoendelea, huku mafuta ya tumbo yakibaki pale pale. Mizani inasoma kidogo, lakini uwiano wa mafuta na misuli umekuwa mbaya kuliko mwanzo. Mtu akikonda bila kukusudia, aje haraka. Tutaangalia kama ugonjwa umetoroka dawa, na tutaangalia pia kifua kikuu, ambacho huku kwetu si cha kusahauliwa.

Si ni uzito tu unaokandamiza magoti? Homoni za nini tena?

Uzito unakandamiza, ni kweli. Kwa watu wenye magoti yaliyochakaa, kila kilo moja wanayopunguza huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Ukitembea kutoka Kibuye hadi stendi, hizo ni tani kadhaa.

Lakini tazama vidole vyako. Hutembei kwa vidole. Hata hivyo watu wanene hupata ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo vya mikono zaidi kuliko wembamba. Uzito haujawahi kukaa juu ya kidole gumba cha mtu yeyote, kwa hiyo lazima kuna kitu kinachofika huko kwa njia ya damu. Mimi huwa namwonyesha mgonjwa mkono wake mwenyewe ninapoeleza hili, na hapo ndipo suala la homoni linapomwingia.

Nimesikia kuna kipimo cha leptini. Nipimwe?

Usipoteze pesa. Matokeo hayatabadilisha dawa utakayopewa wala kumwambia daktari kitu ambacho mizani na tepu ya fundi nguo havijamwambia. Pesa hiyo ilipie RF na anti-CCP, vipimo vya damu vinavyosaidia kuutambua ugonjwa huu, eksirei ya mikono na nyayo, na vipimo vya ini na damu vya kufuatilia dawa.

Kuhusu hiyo tepu: izungushe kiunoni, usivute tumbo ndani. Mwanamke akifika sentimita 80 au mwanamume 94, mafuta ya tumbo yameanza kuwa ya kuangaliwa.

Kwa nini tusidungwe kitu cha kuizuia leptini, mambo yaishe?

Hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kutibu baridi yabisi kwa kuzuia leptini au adiponektini. Ukifikiria utaona ugumu wake: ukimzima mjumbe anayechochea viungo, umemzima pia anayeuambia ubongo habari za shibe na kuiweka kinga macho dhidi ya nimonia. Leptini ya kutengenezwa ipo, lakini ni ya watu wasio na mafuta mwilini au waliozaliwa bila leptini. Kwa mtu mnene wa kawaida haisaidii, maana leptini yake ni tele na ubongo umeshaacha kuisikiliza, kama mtu anayeishi kando ya kinu cha posho.

Daktari ameniambia nipunguze uzito kwanza ndipo anipe dawa. Ni sawa?

Si sawa, na nalijua hili kwa sababu niliwahi kulifanya mimi mwenyewe.

Ni miaka mingi imepita, nilikuwa mgeni kazini, katika zahanati nyingine. Alikuja mama anayekaanga samaki kando ya ziwa. Mwili mkubwa, pumzi fupi, alipanda ngazi tatu akasimama. Akasema viungo vinamuuma. Nilitazama mwili wake na jibu likanijia kabla ya swali. Nikamwambia, "Mama, ukipunguza kilo ishirini maumivu yataisha." Nikamwandikia tembe za maumivu, akaenda. Sikuishika mikono yake.

Alirudi baada ya miezi minane. Alikuwa amekonda kweli, alijitahidi. Nilimnyoshea mkono kumsalimu, akanipa kifundo cha mkono badala ya kiganja. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimeanza kuegemea upande wa kidole cha mwisho, vifundo vya ngumi vimefura vinang'aa. Pete ilikuwa imekatwa kwa msumeno wa fundi wa baiskeli. Aliniambia hawezi tena kukamua kitambaa cha kufutia meza, anakikanyaga kwa mguu ndani ya karai. Hakunilaumu. Alisema tu, "Nilipunguza, daktari."

Mfupa ulioliwa haurudi. Miezi ya kwanza, hasa sita ya mwanzo, ndiyo ya thamani kuliko yote, na dawa inayozuia uharibifu inapaswa kuanza mara tu ugonjwa unapothibitishwa, mizani iseme itakavyosema. Kupunguza uzito kunaandamana na dawa. Ukiambiwa usubiri, uliza kwa heshima, "Je, umenipima kama ni baridi yabisi?" Ukijibiwa vibaya, tafuta mwingine. Hospitali za rufaa kama ile ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi bado wanaiita Russia, au ile ya Moi kule Eldoret, zinapokea wagonjwa wanaotumwa.

Dawa zenyewe ni zipi?

Ya kwanza kwa wengi ni methotreksati. Humezwa mara moja kwa wiki, siku moja uliyoichagua, pamoja na asidi ya foliki kama utakavyoelekezwa. Nairudia kwa sababu inaua: si kila siku. Aliyeimeza kila siku huja na vidonda mdomoni na damu iliyoshuka. Haimfai mwenye mimba wala anayetafuta mimba, na haipatani na chang'aa wala bia za kila jioni.

Nyingine ni haidroksiklorokwini. Wenye umri kama wangu hushtuka wakiisikia, maana ni ndugu wa klorokwini ya malaria tuliyomeza utotoni tukajikuna usiku kucha kama tumeangukia upupu. Ndiyo, dawa iliyotoka kwenye malaria inatuliza viungo.

Mbona dawa zinafanya kazi polepole kwangu kuliko kwa mwenzangu mwembamba?

Unachosema kimeonekana katika tafiti nyingi: wagonjwa wanene hufikia hali ya utulivu kwa uchache zaidi, na sindano za kuzuia TNF huwasaidia kidogo kuliko wembamba. Mafuta yanaendelea kumwaga kemikali zile zile ambazo dawa inajaribu kuzizoa. Ni kama kudeki nyumba huku bomba limeachwa wazi.

Ila kuna mtego. Kipimo cha CRP, tunachotumia kujua uvimbe umefikia wapi, hupanda kwa sababu ya mafuta peke yake, hata kwa mtu asiye na baridi yabisi, na hasa kwa wanawake. Kwa hiyo daktari anaweza kuona namba iko juu akadhani viungo vinawaka, akaongeza dawa, kumbe ni kitambi kinachosema. Kinyume chake pia hutokea: kidole chenye nyama nyingi huficha uvimbe, mpimaji akaupita. Ndiyo maana mimi huminya polepole, na nikiwa na shaka naomba picha ya altrasaundi.

Ajabu nyingine: picha za eksirei za wagonjwa wanene mara nyingi zinaonyesha mifupa iliyoliwa kidogo kuliko ya wembamba. Mkumbuke yule mjomba. Mnene ana adiponektini kidogo, na huenda hiyo ni sehemu ya maelezo. Lakini usiende kuongeza sahani kwa sababu ya sentensi hii. Maumivu yake ni mengi zaidi, na moyo wake uko hatarini, kwa kuwa baridi yabisi peke yake huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo.

Prednisoloni inanipa nafuu siku hiyo hiyo. Si nibaki nayo?

Naelewa kwa nini unaipenda. Aliyeshindwa kujifunga kitenge kwa mwezi mzima akaamka anajifunga, utamwambia nini?

Lakini ndiyo inayojaza uso ukawa mviringo, inayoamsha njaa usiku wa manane, inayohamishia mafuta tumboni na shingoni, inayopandisha sukari na kuilegeza mifupa. Yaani inazima moto leo na kukusanya kuni za kesho. Sisi huitumia kwa muda mfupi, kwa kiasi kidogo, kama daraja la kungojea methotreksati ianze kazi, ambayo huchukua wiki kadhaa. Na usiiache ghafla baada ya kuitumia muda mrefu. Mwili unaweza kuzimia.

Jihadhari pia na ile dawa ya unga au tembe zisizo na jina zinazouzwa sokoni na ndani ya matatu, "ya mifupa na mgongo", inayoponya usiku mmoja. Mitishamba haiponyi usiku mmoja. Ikifanya hivyo, mara nyingi kuna steroidi iliyosagwa ndani. Anayeitumia namtambua mlangoni kwa uso na tumbo, kabla hajaketi.

Nitapunguzaje uzito na hata kutembea kunauma?

Hapa ndipo ushauri mwingi wa hospitali unapokuwa wa bure. "Fanya mazoezi, kula vizuri," mtu anaambiwa, anaenda nyumbani kupika ugali ule ule.

Anza na vya kunywa. Vikombe vinne vya chai kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kimoja, ni vijiko 12, na soda ya saa saba haijahesabiwa. Hilo linapungua bila kumkosesha mtu shibe. Kisha ugali: sitakuambia uache, sitaki kufukuzwa Kisumu. Upunguze ufikie ukubwa wa ngumi yako, na nafasi iliyobaki ijae mboga kama osuga, sukuma, mrenda au dek. Samaki wa kuchemsha badala ya aliyekaangwa akaelea. Omena ni rafiki. Mafuta ya samaki yameonekana kupunguza maumivu ya viungo kidogo. Kidogo, nimesema. Hayachukui nafasi ya tembe.

Kutembea, chagua saa ambayo viungo vimelainika, si alfajiri. Dakika kumi, kesho kumi na mbili. Siku kiungo kimevimba na kina joto, kipumzishe hicho na tumia vingine. Na kama unakaa juu ya pikipiki siku nzima, shuka.

Kilo tano zikiondoka na zisirudi, wagonjwa wengi husikia tofauti, na leptini hushuka pamoja nazo.

Nikifunga, je? Viungo vyangu hupoa nikifunga.

Hujakosea. Mtu akifunga, leptini huporomoka haraka, kabla hata uzito haujashuka, na kinga inapokea taarifa kwamba ghala ni tupu. Mwaka 1991 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Norway: wagonjwa 27 walifunga siku saba hadi kumi, wakipewa vinywaji vya mboga na supu nyepesi, kisha wakala vyakula visivyo na nyama kwa muda wa mwaka. Maumivu na uvimbe vilipungua.

Tatizo ni kwamba hakuna anayefunga maisha yote, na akirudia sahani ya zamani, maumivu hurudi nayo. Ukifunga Ramadhani au maombi ya kanisa, nieleze kabla tupange saa za dawa. Kufunga kukavu, bila maji, juu ya methotreksati na tembe za maumivu, kunaweza kuziumiza figo.

Natumia ARV. Mafuta yangu yalihama usoni yakaja tumboni. Inahusiana?

Wanaouliza hili mara nyingi walianza dawa zamani, enzi za stavudini, ambayo Shirika la Afya Duniani lilishauri iachwe mwaka 2009. Mafuta yakihama hivyo, homoni zake hubadilika: adiponektini hushuka, na mafuta ya tumbo yanachochea uvimbe zaidi. Dawa za sasa zenye dolutegraviri nazo huwaongezea wengine uzito. Usiache ARV kwa sababu hiyo. Njoo na kadi yako. Virusi vyenyewe huweza kuumiza viungo bila baridi yabisi, na tunapaswa kutofautisha kabla ya kuongeza dawa inayotuliza kinga.

Nikija kliniki, nije na nini?

Njoo na dawa zote unazotumia ndani ya mfuko mmoja, pamoja na zile za sokoni ambazo unaona haya kuzitaja. Sitagomba. Njoo na eksirei za zamani, usizikunje. Kama una simu yenye kamera, piga picha mikono yako saa kumi na mbili asubuhi siku ambayo imefura, kwa sababu ukifika kwangu saa tano itakuwa imenywea na utaonekana kama mwongo.

Pete ivue nyumbani kwa sabuni, kama bado inatoka.